Seva Utakayoimudu Umeme Ukikatika

Vijana wa Bujumbura, nyinyi mnaotengeneza tovuti za shule, za maduka ya Rohero na za vyama vya wakulima wa kahawa, neno langu leo ni kwenu. Acheni kuulizana seva ipi ni rahisi kusakinisha. Kusakinisha ni kazi ya saa moja. Kulinda ni kazi ya miaka, na urahisi unaopaswa kuutafuta ni huo wa pili.

Mnakumbuka yaliyotokea Julai 2001? Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, basi nisikilizeni. Windows 2000 Server ilikuja na seva ya wavuti iitwayo IIS, ikijisakinisha yenyewe, utake usitake. Urahisi ulioje! Wapo waliokuwa nayo bila hata kujua. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Juni, lakini nani ataziba tundu kwenye kitu asichojua kuwa anacho? Tarehe 19 Julai mnyoo ulioitwa Code Red uliingia kwenye mashine zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Septemba ukafuata mwingine, Nimda, na kampuni ya ushauri ya Gartner ikawashauri walioumizwa na yote miwili waanze mara moja kutafuta seva nyingine.

Najua kuna mtu ameshatabasamu, akisema yeye anatumia Apache. Taratibu, ndugu yangu. Oktoba 2021 toleo 2.4.49 la Apache lilikutwa na tundu: mtu aliye mbali anaandika anwani ya hila, anasoma mafaili yasiyo ya tovuti kabisa. Likatoka 2.4.50, kumbe halijaziba vizuri. Siku chache baadaye ikabidi litoke 2.4.51. Ila angalieni nani aliumia. Usanidi unaokuja na Apache hufunga diski nzima kwa mstari mmoja, Require all denied, kisha hufungua folda ya tovuti peke yake. Aliyeuacha mstari huo mahali pake, mafaili yake hayakusomeka. Aliyeufuta siku alipochoka kuona ujumbe wa kukataliwa, aliwafungulia wageni nyumba nzima.

Usumbufu wa namna hiyo nautetea. Usumbufu wa kujionyesha siutetei. Kuna fundi anayechagua OpenBSD, mfumo mzuri sana kwa ulinzi, wakati ofisini hakuna mwingine anayeujua na yeye mwenyewe ana mguu mmoja nje. Hilo ni kama kununua gari ambalo hakuna fundi wa Buyenzi aliyewahi kulifungua boneti.

Na tusijidanganye kuhusu hali yetu. Umeme wa Regideso unakatika, mafuta ya jenereta ni ya kusaka, bando linanunuliwa. Sasisho la megabaiti kumi utalifanya leo. La gigabaiti mbili utaliahirisha mpaka wiki ijayo, na wezi hawana wiki ijayo. Basi sakinisha kidogo. Moduli usiyoihitaji iondoe. nginx yenye kazi mbili tu unazozielewa inakufaa kuliko furushi lenye vitufe mia ambalo unaogopa kuligusa.

Halafu kuna kisingizio kilichokufa zamani, bado tunakibeba. Cheti cha HTTPS kilikuwa cha kununua, na sote tunajua dola zinavyotafutwa mjini hapa. Tangu mwisho wa 2015 Let's Encrypt inakitoa bure kwa kila mtu. Seva ya Caddy inakichukua yenyewe na kukihuisha yenyewe, wewe umelala. Hapo ulinzi na urahisi vimekaa meza moja, kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba lazima kimoja kife ili kingine kiishi.

Kazi ianze leo, kabla umeme haujakatika. Ingia kwenye seva yako uandike ss -tlnp, usome mstari kwa mstari. Ukiona 0.0.0.0:3306, hifadhidata yako inamsikiliza yeyote atakayeifikia. Ibane isikilize 127.0.0.1 tu. Kila jina usilolitambua, ulizia. Lisilo na kazi, lizime. Ukimaliza, mkalishe mwenzako kwenye kiti chako afanye sasisho kwa mikono yake, wewe ukiangalia bila kugusa kibodi, ili siku ukiwa Gitega simu ya kukuomba paswadi isihitajike.