Sauti Isiyo na Msikiaji

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walibaini kwamba fuwele za kwatsi zikibanwa huzaa chaji ya umeme, na mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, yaani kwamba fuwele ikipewa umeme hubadilika umbo. Sifa hiyo, iitwayo piezoumeme, ndiyo inayotumika katika rezoneta za simu, tando za naitridi ya alumini zinazotetemeka kwa kasi mahususi na hivyo kuchuja wimbi la redio linalotakiwa. Utando wenye unene unaokaribia mikromita 2 au 3 hutetemeka takriban mara bilioni 2 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea karibu na mara 20,000.

Wahandisi huuita mtetemo huo sauti, nao wana haki, kwa kuwa ni wimbi la mgandamizo lipitalo katika maada. Lakini je, sauti yaweza kuwapo pasipo msikiaji? Mwanafalsafa George Berkeley, katika majadiliano yake ya mwaka 1713, alimkejeli anayedai kwamba sauti halisi ni mwendo wa hewa tu, kwani sauti hiyo ingeweza pengine kuonekana au kuguswa, bali kusikika kamwe. Kejeli iliyokusudiwa kufichua upuuzi sasa inakieleza kifaa kilichomo mfukoni. Berkeley, ambaye kwake kuwapo ni kutambuliwa, angejibu kwamba kisichotambuliwa na waja hutambuliwa na Mungu. Walakini yeye mwenyewe alishikilia kuwa Mungu hatambui kwa hisi, hivyo jibu hilo huulinda mtetemo bila kuuokoa usikivu.