Mgeni kwenye chungu cha pombe: heshima ao biashara?

Kule Ulaya kuna safari za siku moja ambazo watu wanalipia ili waone namna pombe inatengenezwa. Asubuhi basi inawachukua, kiongozi anawaeleza, wanaonja hapa kidogo na pale kidogo, jioni wanarudi kwao. Tuchukue Ubelgiji, nchi ambayo historia imetufunga nayo. Mu Bruxelles kiwanda kidogo cha bia cha Cantillon, kilichoanza mwaka 1900, kinapokea wageni tangu 1978. Wanapandishwa hadi chini ya paa, wanaonyeshwa karai pana ya shaba, fasi bia inaachwa usiku ipoe na kupata chachu kutoka hewani. Kule Hasselt kiwanda cha zamani cha jenever, ile pombe kali ya nafaka ambayo gin ya Waingereza ilizaliwa kwake, kimekuwa makumbusho tangu 1987. Mgeni anaona mitambo ya mvuke, kisha anaonja. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa watu wote.

Na sisi je? Huku Katanga mama wa lutuku anapika nyuma ya nyumba, jicho moja kwenye moto, lingine kwenye njia, juu ya polisi. Sababu gani kazi moja kule ni urithi na huku ni aibu?

Wengi watajibu haraka: lutuku inaharibu watu, ya wazungu ni safi. Jibu hilo halitutoshi. Mkataba wa Bruxelles wa 1890 ulizuia vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakataza hata kuvitengeneza. Mwaka uleule wa 1919 Wabelgiji walijiwekea wenyewe sheria ya Vandervelde: pombe kali isinywewe tena mu baa, na dukani mtu asinunue chini ya lita mbili. Kwa hiyo nao waliiogopa, na walikuwa na sababu. Lakini kwao sheria ilimzuia mnywaji, kwetu ilimzuia mpishi. Mpishi wao alibaki na mlango, jina na vipimo. Wetu alibaki na giza, na mu giza hakuna mtu anayejifunza kupika vizuri.

Hatusemi lutuku ni kitu kizuri. Sisi walimu tumefundisha watoto ambao minervali yao ilitoka ndani ya bidoni ya lutuku, na katika darasa lilelile watoto ambao baba yao ilimmaliza. Mu kiwanda matone ya kwanza yanatupwa, sababu ndimo sumu inatangulia kutoka, na nguvu ya pombe inapimwa. Mama yetu anapima kwa ulimi na kiberiti.

Munkoyo ni habari nyingine, na hapo tungependa kukaa kidogo. Unga wa mahindi unapikwa uji, unaachwa upoe kiasi, halafu inatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ile inayochimbwa mu pori. Baada ya saa chache uji uliokuwa mzito unakuwa mwepesi na mtamu bila mtu kutia sukari hata kijiko. Mzizi njo unavunja wanga na kuugeuza sukari! Wazungu wanafanya kazi hiyo kwa shayiri iliyooteshwa. Bibi zetu waliiweza kwa mzizi, bila maabara. Siku ya kwanza hata mtoto anakunywa. Ikilala, inaanza kuchachuka, na hapo inakuwa ya wakubwa. Mwalimu wa kemia ana somo zima ndani ya chungu kimoja, lakini anapita njiani kila siku na kwenda kuandika fomula za kitabu ubaoni.

Basi, tulete wageni? Kwa desturi yetu mgeni hakuji kwa kitu, anakuja kwa mtu. Mwenye pombe anaonja yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili aone kwamba kikombe hakina ubaya. Kama mgeni amekwisha kulipa kiongozi barabarani, nani tena ni mwenyeji? Na kama mama anabaki na picha tu na vicheko, tumemuuza yeye, si pombe yake. Kwetu sisi mama lazima awe na haki ya kukataa, ya kutaja bei yake, na ya kusema yote, hata yale ambayo pombe ilifanya ndani ya nyumba yake. Ziara inayoonyesha utamu peke yake ni uongo, hata ikiwa na kiongozi mwenye diploma.

Tungeanza na wanafunzi wetu, siyo na watalii: siku moja kwa mama wa munkoyo, daftari mkononi, naye alipwe kama mwalimu anavyolipwa. Kuhusu mama wa lutuku, bado tunabishana kati yetu. Wengine wanasema wageni watamtoa gizani. Wengine wanauliza kama hatutakuwa tumewaonyesha polisi mlango wake.