Amana ya Mwenye Kutakwa Shauri

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Liko suali ambalo kila mwaka, yatokapo matokeo ya kidato cha sita, huulizwa katika baraza za misikiti na za nyumba, nalo huonekana dogo hali ni kubwa. Na ikadiriwe kijana wa Mashewa, katika wilaya ya Korogwe, amemaliza masomo yake, na moyo wake umeelekea Muhimbili akasome udaktari. Baba yake amechukua karatasi ya matokeo, akaenda nayo kwa mwalimu, au kwa imamu, au kwa jamaa aliyepata kusoma Dar es Salaam, akamwuliza: "Je, mwanangu atapata?" Huyu aliyeulizwa imempasa kujibu nini?

Watu wengi hudhani kuwa jawabu hapa ni adabu tu. Mmoja husema, "Atapata bila shaka, inshaallah," akamfurahisha mzee, akajiona hana dhambi. Mwingine husema, "Vyuo vile si vya watoto wa shamba, usijisumbue," akajiona msema kweli. Wawili hawa wametofautiana kwa maneno, walakini kosa lao ni moja, kwani kila mmoja amelitolea hukumu jambo asilolijua, na lile alilopaswa kulijua hakulitazama.

Na ajue msomaji kuwa nafasi ya kijana ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hujulikana kwa sababu zake, kama mkulima ajuavyo kuwa mbegu isiyopata mvua haioti. Kwa kanuni ya sasa ya vyuo vya Tanzania, kila somo la kidato cha sita lina pointi zake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Mwenye kutaka shahada kwa njia hii hutakiwa kwa uchache masomo mawili yaliyofuzu, yenye jumla ya pointi 4. Na udaktari una sharti lake zaidi, kuwa afuzu fizikia, kemia na biolojia, yote matatu. Kijana akiwa na C ya kemia, na D ya biolojia, na D ya fizikia, pointi zake ni 7. Huyu mlango wa vyuo amekwisha uvuka. Walakini kuvuka mlango si kupata kiti, kwani viti vya udaktari ni vichache na waombao ni wengi, na hutangulizwa wenye alama za juu. Basi hesabu hii yaonyesha kuwa tamaa yake ya Muhimbili ni nyembamba, na tamaa yake ya chuo kwa jumla ni pana. Haya si ghaibu, bali ni hesabu, na mwenye akili hana udhuru wa kuiacha.

Sehemu ya pili ni ghaibu: nani wataomba mwaka huu, na nani wataacha viti vyao, na Mwenyezi Mungu amemwandikia nini mja wake. Hii haijui mwalimu wala imamu. Qurani imetufunza kuwa hakuna nafsi ijuayo itakachochuma kesho. Basi asemaye "bila shaka atapata," na asemaye "kamwe hapati," wote wawili wamekaa katika kiti cha mpiga ramli, ijapokuwa hawakushika mchanga wala kitabu cha nyota. Na amekwisha onya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa mwenye kumwendea mwaguzi akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Na neno "inshaallah" halitakasi kosa hili. Neno hilo limewekwa kumnyenyekea Mwenyezi Mungu katika jambo lililokusudiwa kwa kweli, wala halikuwekwa kuwa pazia la kufichia shauri ambalo mtu ameona uvivu kulitoa.

Huenda mtu akasema: "Kumwambia kijana kuwa tamaa yake ni nyembamba ni kumvunja moyo, na kuvunja moyo wa Muislamu ni vibaya." Jawabu lake ni kuwa mwenye kutakwa shauri ni mwenye kuaminiwa, kama ilivyopokewa katika hadithi, na amana haitimizwi kwa kupendeza. Fatima binti Qays alipoposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kumtaka shauri Mtume. Naye hakumwambia, "Wote ni wema." Alimweleza kuwa mmoja hana mali, na wa pili ni mkali kwa wanawake, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Hapa ziko nasaha mbili: kusema aibu iliyopo, na kuonyesha mlango mwingine. Mwenye kufanya la kwanza akaacha la pili, nasaha yake ni nusu.

Na hasara ya kutofanya hivi si ndogo. Baba aliyeambiwa "bila shaka" huuza ng'ombe au kipande cha shamba, na kijana huomba udaktari peke yake, na dirisha la udahili likafungwa hali hana mahali, mwaka ukapotea. Au huja mtu akadai kuwa ana mkubwa amjuaye chuoni, akataka fedha. Hii ni rushwa, nayo ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji. Na kama ingefaulu, kiti kile kingekuwa kimeporwa kwa mtoto wa mtu mwingine. Imepokewa katika sira ya Imamu Shafii, aliyekuwa yatima na maskini, kuwa alipotaka kusoma kwa Imamu Malik huko Madina alichukua barua ya mkubwa wa Makka, na Malik akachukia kuwa elimu yatafutwa kwa wakubwa. Kilichomfungulia mlango ni kuwa alikwisha ihifadhi Muwatta kabla ya kufika.

Na asemaye "si vyetu" naye asome tarehe. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na wachache waliobahatika walikwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Oktoba 1961 kilifunguliwa chuo Dar es Salaam, na kitivo chake kilikuwa kimoja, cha sheria. Skuli ya udaktari ilianza mwaka 1963, na Muhimbili ikawa chuo kikuu mbali mwaka 2007. Milango imezidi. Basi mwenye kumfungia mtoto mlango uliokwisha funguliwa, amemdhulumu.

Hivyo jawabu la haki kwa yule baba ni hili: "Mzee wangu, pointi za mwanao ni 7. Kwa udaktari wa Muhimbili tamaa ni nyembamba. Na aombe, si haramu. Walakini asiombe huo peke yake. Atie na masomo mengine yanayokubali alama zake. Iko na stashahada ya utabibu, na mwenye kuifuzu vema huweza baadaye kuomba udaktari kwa mlango wa wenye stashahada. Na akipenda, aweza kurudia mtihani. Lililobaki yuwalijua Mungu." Maneno haya hayakumdanganya, wala hayakumkatia tamaa.

Kisha kijana naye ana wajibu wake. Mtume ametufunza tujibidiishe kwa lenye kutunufaisha, na tumtake msaada Mwenyezi Mungu, wala tusijione wanyonge. Na likitupata tusilolipenda, tusiseme lau ningalifanya hivi ingalikuwa hivi. Basi bidii ni kabla ya jambo, na radhi ni baada yake. Mwenye kuleta radhi kabla ni mvivu, na mwenye kuleta majuto baada hujichosha bure. Wala kukosa kiti cha chuo si alama ya kuwa mtu ameshuka mbele ya Mola wake, kama kukipata kusivyokuwa alama ya kupanda. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.