Nani Alipe Chungu Kilichopasuka?

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii tumezoea kuitumia kumcheka fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake. Lakini ukiitazama kwa makini, utaona kuwa ndani yake mna hesabu. Mfinyanzi hatumii kigae kwa uzembe. Anakitumia kwa sababu chungu kizima kitamletea unga nyumbani, na kigae hakina mnunuzi. Basi swali ninalotaka tulifikiri ni hili: hasara ya vile vilivyopasuka ni ya mfinyanzi peke yake, au inamhusu pia anayenunua?

Tuanze na kazi yenyewe. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, wafinyanzi wengi ni akina mama wasio na gurudumu wala tanuri. Udongo huchimbwa bondeni, ukalowekwa, ukachambuliwa mawe na mizizi, kisha ukakandwa pamoja na mchanga au vigae vilivyosagwa ili uvumilie moto. Mama huviringisha udongo mfano wa kamba, akaupandisha duara juu ya duara, akilainisha kwa gunzi, kipande cha kibuyu au kokoto. Vyungu hukauka kivulini siku kadhaa. Mwisho hupangwa uwanjani, vikafunikwa kwa kuni na nyasi, moto ukawashwa. Hapo ndipo kazi ya siku nyingi inapohukumiwa kwa saa chache. Unyevu uliojificha ndani ya udongo hugeuka mvuke na kukipasua chungu. Upepo wa ziwani nao ukibadilika, upande mmoja huungua kuliko mwingine.

Tuchukue mfano. Mama amechoma vyungu 20, na vitano vimepasuka. Anakwenda sokoni na 15. Kwa hesabu rahisi, kila vyungu vitatu anavyouza vimebeba jasho, kuni na siku za vyungu vinne. Mnunuzi anaona vitatu tu. Cha nne kimebaki kwenye majivu.

Ndipo tunapofika sokoni na kusema, "Mama, nipunguzie bwana, si udongo tu huu?" Naye hujibu kwa upole, "Mwanangu, udongo uko bondeni, kachukue." Jibu hilo ni falsafa tosha. Udongo hauna bei. Anachouza ni ujuzi wake wa kuufahamu, na ujasiri wa kuutia motoni bila kujua vingapi vitatoka salama. Tena huo "udongo tu" si kitu cha kudharauliwa. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua vyungu viitwavyo vya Urewe, kwa jina la mahali fulani huko Siaya, Kenya, na vya namna hiyo vimepatikana pia Kagera. Vingine vina umri unaozidi miaka 2,000. Mengi tunayoyajua kuhusu wakulima na wahunzi wa zamani wa nchi hizi tumeyapata kutokana na vigae vyao.

Sisemi kwamba kupatana bei ni dhambi, la hasha. Kupatana ni mazungumzo. Watu husalimiana, huulizana habari za nyumbani, na mnunuzi naye ana mfuko mwembamba. Wala kutonunua si dhuluma. Mwenye kupenda ndoo ya plastiki na akanunue plastiki, ingawa haitampoza maji kama mtungi unaotoa jasho. Shaka yangu iko kwa yule anayengoja jioni. Anajua kuwa mama ametoka mbali, kwamba vyungu ni vizito na vitagongana njiani, na kwamba hatakubali kurudi navyo. Anajisogeza wakati huo na kutaja nusu ya bei. Mama anakubali. Ukimwuliza mnunuzi, atasema, "Sikumlazimisha, alikubali mwenyewe."

Je, kukubali kunatosha kuifanya bei kuwa ya haki? Thomas Aquinas, padri na mwanafalsafa wa karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa na kile kitu, kwani shida hiyo si mali ya muuzaji hata aiuze. Nadhani hoja hiyo yafaa kugeuzwa upande wa pili. Machweo na uzito wa mzigo ni shida za mama. Mnunuzi hakuzifanyia kazi, basi asizifanye mtaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kulichukia neno unyonyaji, nasi tukadhani mnyonyaji ni lazima awe na kiwanda. Kumbe hata mwenye shilingi elfu chache mkononi anaweza kuwa mmoja, mradi amkute aliye na shida kuliko yeye.

Haki hii ina pande mbili. Ipo hasara ya asili ya moto, na ipo ya uvivu wa kutokanda udongo vizuri. Hii ya pili aibebe mfinyanzi mwenyewe. Chungu kizima ukikigonga kwa kidole hulia. Chenye ufa hutoa sauti ya kufa. Mfinyanzi anayejua ufa na kuuziba ili usionekane amemdhulumu mnunuzi sawasawa na yule wa jioni alivyomdhulumu mwenzake.

Kipimo ninachokipendekeza ni chepesi. Kabla ya kutaja bei yako, jiulize: kwa fedha hii, mama huyu ataweza kurudi bondeni kuchimba tena? Ikiwa jibu ni hapana, hukununua chungu kwa bei nafuu. Umekula sehemu ya chungu kijacho. Nasi tuliofundisha tunajua ya kuwa watoto hufinyanga shuleni. Ni vyema mwalimu awaache wavichome pia, kisha awape somo la hesabu: wahesabu vilivyopasuka kabla ya kuvipangia bei vilivyosalimika.