Je, Yafaa Kosa Lililompoteza Mtoto Litangazwe?

Mtoto akifa kwa mateso mikononi mwa watu waliopaswa kumlea, mahakama huwahukumu waliomtesa. Lakini liko swali lingine: wale walioziona alama za mateso, mbona hawakumwokoa? Na jibu likipatikana, je, litangazwe au lifichwe? Wasomaji wapenzi, napenda tulipime swali hili kwa habari za Uingereza, ambako limewashughulisha watu miaka mingi.

Mwezi wa Januari 1945 alikufa Dennis O'Neill, mtoto wa miaka 12, katika shamba moja la Shropshire, alikopelekwa kulelewa na baraza la mji wa Newport. Sir Walter Monckton aliagizwa kuchunguza, na taarifa yake ikatangazwa mwaka ule ule. Ilionekana ya kuwa wenye mamlaka wa pande mbili hawakuelewana vema ni nani wa kumwangalia mtoto yule. Mwaka 1948 ikatoka sheria mpya ya watoto.

Hata mwaka 2000 akafa London Victoria Climbié, binti wa miaka 8 aliyetoka Ivory Coast. Madaktari, polisi na maofisa wa ustawi walikuwa wamekutana naye akiwa hai. Lord Laming, katika taarifa yake ya Januari 2003, alitaja nafasi 12 za kumwokoa zilizopotea, akatoa mashauri 108.

Wako wasemao ya kuwa kutangaza habari hizi ni kuwafunua ndugu za marehemu walio hai. Neno hili lina uzito. Kwa hiyo yapasa majina na dalili zao zifichwe. Wengine husema ya kuwa mtumishi akiogopa aibu hatasema kweli. Nao wana haki kidogo. Basi na aandikwe kwa kazi yake, si kwa jina lake. Uchunguzi huu haukusudiwi kumtafuta wa kuadhibiwa, maana kazi hiyo ina wenyewe. Wakusudiwa kufundisha, na fundisho lililofungiwa sandukuni halimfundishi mtu. Mficha uchi hazai.

Tena haifai ofisi ijichunguze peke yake. Wazee walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Zamani pale England watu walipewa muhtasari tu; mwaka 2010 Serikali ikaagiza taarifa nzima itangazwe. Na kwa utaratibu ulioanza mwaka 2018, ikiwa haifai kuitangaza yote, hapana budi mafundisho yake yatangazwe.

Walakini jambo moja lanisumbua. Tangu 1945 hata 2000 ni miaka 55, na kosa lafanana: kila mtu alishika kipande cha habari, wala hapakuwa na wa kuviunganisha vipande. Basi kutangaza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya wasomaji.

Sisi walimu huita majina kila asubuhi. Mtoto mchangamfu akianza kunyamaza, au akija na kovu analolieleza kwa kusitasita, kipande kimoja ki mikononi mwetu. Tukikificha kwa kuogopa ugomvi na jirani, je, tutasema nini siku jina lile litakapoitwa, pasiwe na wa kuitika?