Maji Yanatiririka

Tulikuwa wanafunzi tisa wa Kiswahili katika safari ya masomo Arusha, na siku moja kabla ya kurudi Burundi tukaamua kwenda kuogelea. Mahali penyewe panaitwa Chemka, wengine husema Kikuletwa. Wapo pia wanaopaita Maji Moto, ingawa maji yake si ya moto. Ni vuguvugu tu, kama maji ya kuoga yaliyosahaulika jikoni. Unashuka Boma Ng'ombe, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, unapanda bajaji, kisha unafuata njia ya vumbi kati ya miiba na mashamba makavu mpaka unaanza kudhani dereva amepotea. Halafu ghafla unaona miti, mikubwa, ya kijani, imejikusanya mahali pamoja kama watu waliosikia habari. Katikati yao yapo maji.

Sijawahi kuona maji ya namna ile. Unaona kila jiwe chini, kila mzizi wa mkuyu ulioingia majini, na samaki wadogo wanaokuja kukudonoa miguu ukitulia. Kuna kamba imefungwa kwenye tawi. Unaishika, unarusha mwili, unaachia. Juu, kima wanakaa matawini wakitutazama sisi kama sisi tulivyokuja kuwatazama wao. Tulilipa kiingilio, tukavua viatu, tukaruka.

Asubuhi ile nilikuwa nimejipaka mafuta ya mgando mwili mzima, kwa sababu vumbi la Arusha hukausha ngozi. Nilipoibuka niliona utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua ukisambaa kutoka mabegani mwangu. Ulicheza kidogo juani, ukavutwa na mkondo, ukapotea. Mwenzangu mmoja alikuwa ameuona pia. Akacheka, akaniambia, "Usijali, maji yanatiririka."

Sikumjibu. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na umri wa miaka kumi, nyumbani Buraza.

Kwetu watu hawaishi kijijini kama Watanzania wanavyoelewa kijiji. Tunaishi kilimani, kila kaya katikati ya migomba yake, na kinachotukutanisha si uwanja wala duka, ni chemchemi iliyo bondeni. Siku hizo chemchemi yetu ilikuwa haijajengewa. Maji yalitoka chini ya mwamba, yakajaa kwenye shimo dogo lenye upana wa mkeka, yakamwagikia kwenye kijito. Kanuni zake zilikuwa chache na kila mtoto alizijua kabla ya kujua kusoma. Shimoni unachota tu. Kufua na kuoga ni chini, kijitoni. Mbuzi ni chini zaidi.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mvua za Septemba zimechelewa, na kijito kimebaki tope. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumechunga mbuzi tangu asubuhi. Jua la mchana, hakuna mtu bondeni. Tukaingia shimoni, tukaoga, tukapigana maji, tukacheka. Tulipotoka maji yalikuwa yamechafuka, rangi ya chai ya maziwa. Binamu akaogopa. Mimi nikamwambia tungoje kidogo, maji yanatiririka. Na kweli, baada ya muda mfupi shimo lilikuwa safi kama hatukuwahi kuligusa.

Siku ya tatu mtoto mchanga wa jirani yetu alianza kuhara. Alipelekwa kituo cha afya, akalazwa zaidi ya wiki, mama yake akiwa kando yake. Alipona. Matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure nchini kwetu tangu 2006, kwa hiyo mama hakulipia dawa. Alicholipa ni siku. Mvua ilinyesha yeye akiwa kituoni. Watu wote wakapanda maharage, yeye akapanda kwa kuchelewa, na msimu ule alivuna kidogo sana. Nakumbuka alikuwa akija kwetu jioni na bakuli lililofunikwa kitambaa, na bibi yangu akilijaza bila kusema neno.

Je, ni sisi? Sijui, na sitajua kamwe. Mbuzi wa watu wengine walikuwa wakipanda hadi shimoni kiangazi kile. Mikono ya watu huwa michafu. Watoto wachanga huhara kwa sababu kumi. Hakuna mahakama ambayo ingenitia hatiani, na hilo ndilo linalonisumbua: kwamba ningeshinda kesi.

Chuoni nilikutana na hoja iliyonifanya nidhani nimepata jibu. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, anatuomba tufikirie majeruhi wengi sana waliolala jangwani wakiungua kwa kiu, na watu wengine wenye idadi ileile, kila mmoja ana kama nusu lita ya maji. Maji yakimiminwa kwenye gari moja na kugawiwa majeruhi wote sawasawa, nusu lita ya mtu mmoja inampa kila majeruhi tone ambalo hata ulimi hauwezi kulihisi. Je, ni sawa basi mtu kusema, "Yangu haileti tofauti," akabaki nayo? Parfit anasema hapana. Jambo linaweza kuwa jema au baya hata kama hakuna mtu mmoja anayeweza kuhisi sehemu yako ndani yake, kwa sababu sehemu zile pamoja ndizo zinazoshibisha au kuumiza. Sisi tuliolelewa na haba na haba hujaza kibaba hatushangai sana. Ila methali ile huwa tunaitumia kwa akiba. Ni mara chache tunaitumia kwa uchafu.

Hoja hii inafaa kabisa pale Chemka. Mafuta yangu si kitu. Lakini siku ya mapumziko waogeleaji ni wengi, na kila mmoja ana mafuta yake, losheni yake, sabuni aliyoisahau nyuma ya sikio. Maji yale hayaishii pale. Yanaingia mto Kikuletwa, yanapita mashambani, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua samaki, kisha yanashuka na mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. "Yanatiririka" maana yake si kwamba yanakwisha. Maana yake ni kwamba yanamwendea mtu ambaye simwoni.

Na kima vilevile. Mwenzetu mmoja alimpa kima kipande cha ndizi, nami nikampa mwingine andazi, kwa sababu mkono wake mdogo ulikuwa umenyooshwa kama wa mtoto na sikuweza kukataa. Andazi moja! Dakika tano baadaye kima yuleyule, au ndugu yake, alimpokonya dada mmoja mfuko mzima, akakwaruza mkono wake, na wanaume wakaanza kurusha mawe. Kila mmoja wetu alikuwa mkarimu, na ukarimu wetu wote pamoja ukamfanya kima mwizi anayestahili mawe. Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, si mbali na mpaka wetu, naye aliwapa ndizi ili wamzoee. Ndizi ziliwakusanya sokwe wengi mahali pamoja na ugomvi ukaongezeka. Baadaye ugawaji ulipunguzwa, mwisho ukaachwa. Ikiwa mtu aliyewapenda sokwe kuliko wengi wetu aliweza kuwaharibia amani kwa ndizi, mimi ni nani na andazi langu.

Kwa hiyo Parfit alinisaidia kuhusu Chemka. Kuhusu Buraza hakunisaidia, na ilinichukua muda kuona kwa nini. Penye umati naweza kuwa na uhakika kwamba madhara yapo, nisichokijua ni ukubwa wa fungu langu. Penye shimo lile tulikuwa wawili tu. Huenda madhara yote ni yetu, huenda hatuna hata chembe. Siwezi kujigawia tone moja la hatia nikalala. Ni yote au si lolote, na sarafu imeangukia mahali nisipoweza kuitazama.

Nilikuwa na pingamizi moja nililolipenda sana. Mbona kiboko hajiulizi haya? Kwenye chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, maji yaliyochujwa na mawe ya volkeno ya vilima vya Chyulu huibuka yakiwa safi kama ya Chemka. Pale hakuna anayeogelea, kuna viboko na mamba. Wageni hushuka kwenye chumba kidogo kilichojengwa chini ya maji na kutazama kupitia vioo. Viboko wale hula nyasi usiku nchi kavu, mchana hurudi na kunya majini, na kinyesi chao ndicho kinacholisha samaki. Wa kwetu wa mto Ruvubu, ukifika mbugani upande wa Muyinga, wanafanya vivyo hivyo. Uchafu wao ni chakula. Na maji hayohayo ya Mzima husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa, watu wakanywa. Nikasema: basi kuchafua ni sehemu ya maisha ya maji, na mimi ni mnyama mmoja miongoni mwa wanyama.

Ni hoja tamu. Kasoro yake ni kwamba kiboko hajui kuna Mombasa. Mimi, nikiwa na miaka kumi, nilimjua kila mtu aliyeteka maji katika shimo lile, kwa jina na kwa rangi ya bidoni lake.

Bibi yangu ndiye pekee aliyepata kujua. Nilimwambia miaka mingi baadaye, nikiwa sekondari, na nilimwambia kwa ujanja: nilianza na mbuzi, na mikono michafu, na sababu kumi za kuhara, ili aseme mwenyewe kwamba si sisi. Alinisikiliza hadi mwisho akimenya mihogo. Kisha akaniuliza kwa nini namhesabia magonjwa. Yeye hakutaka kujua mtoto aliugua kwa nini. Alitaka kujua nani alituruhusu kuogea kinywani mwa watu.

Nimelifikiria neno lile kuliko kitabu chochote nilichosoma. Bibi alikuwa akisema kwamba kosa lilikamilika tulipotia mguu, mtoto augue asiugue. Watu walituachia maji bila mlinzi kwa sababu walituamini, na sisi tukatumia kutokuwapo kwa mlinzi. Kwa maoni yake hata maji yangekuwa safi hadi leo, kinywa kilikuwa kimeingiliwa. Nakubali. Lakini sikubali yote, maana nikikubali yote nitapata unafuu ambao sistahili: nitakiri kuvunja kanuni, nisamehewe kuvunja kanuni, na yule mama na maharage yake watoke kwenye hadithi. Mimi nadhani wamo. Mtu aliyefanya jambo ambalo lingeweza kumdhuru mwingine, na mwingine akadhurika, hana haki ya kuutumia ukungu ulio katikati kama nyumba ya kuishi.

Kuna jambo dogo la lugha linalonijia hapa. Kwa Kirundi, isoko ni chemchemi, na isoko pia ni soko. Maandishi ni yaleyale, sauti ndiyo inayotenganisha. Pale Chemka sauti hizo mbili zilikaribiana sana masikioni mwangu. Nilikuwa nimelipa. Risiti ilikuwa mfukoni mwa suruali niliyoiacha chini ya mti, na nadhani ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuruka na mafuta yangu. Silaumu kiingilio, mahali kama pale panahitaji watu wa kupatunza, na watu hao wanakula. Lakini fedha niliyolipa ilimfikia wa mlangoni. Yule wa chini, mwenye nyavu zake Nyumba ya Mungu, hakuwa na mlango.

Niliogelea tena baada ya hapo, nisidanganye. Nilipanda ukingoni, nikajifuta mafuta kwa taulo hadi ngozi ikakakamaa, wenzangu wakinicheka, nikarudi majini. Sioni kwamba kuogelea ni kosa. Nikiwa nimelala chali, masikio yakiwa chini ya maji, nikiona majani na mikia ya kima na vipande vya anga, nilifurahi kwa namna ambayo haihitaji kutetewa.

Likizo iliyofuata nilirudi Buraza. Chemchemi yetu imejengewa sasa: kuna ukuta wa saruji, jicho la maji limefunikwa, na maji hutoka kwa bomba, kwa hiyo hakuna mtoto anayeweza kufanya tuliyoyafanya. Niliteremka asubuhi mapema na bidoni, kwa makusudi, kwa sababu najua yeye huteka mapema. Alikuwapo kwenye foleni na mwanawe, mvulana mrefu sasa, mwenye miguu ya mpira wa miguu. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, kwa Kirundi, sentensi nne.

Aliponiona alifurahi. Aliniuliza habari za chuo, akawaambia wengine huyu ametoka mbali apewe nafasi, akaliondoa bidoni lake chini ya bomba na kuweka langu. Watu walikuwa wengi. Nikasema asante, mama. Lilipojaa, mwanawe aliinama akanisaidia kulinyanyua hadi begani.