Kiti cha Nahodha: Ni Enzi au ni Deni?

Mmoja katika vijana wa darsa yetu aliwahi kupanda manowari ya Kimarekani ilipokuwa imetia nanga Kilindini. Alirejea na suali ambalo yeye alilidhani dogo. Alisema: "Katika chumba cha juu cha kuongozea chombo niliona kiti kirefu upande wa kuume, karibu na dirisha. Tukaambiwa hiki ni cha nahodha, hakikaliwi na mwingine. Je, sheikh wetu, hicho si kiburi? Watu wote wasimame, mmoja akae?"

Twamjibu kwa yale tuyajuayo, kisha tutataja mafunzo yake. Kwani suali hili si la manowari peke yake. Ni suali la kila mtu aliyewekwa mbele ya wenziwe akaambiwa: wewe ndiwe mkubwa.

Kwanza na tujue mahali penyewe. Zama za matanga, mahali pa nahodha wa manowari za Kizungu palikuwa sitaha ya tezi, karibu na usukani. Desturi ilikuwa kwamba yeye atokeapo juu, wengine humwachia upande wa goshini, yaani utokako upepo, wao wakahamia demani. Zilipokuja merikebu za moshi zenye magurudumu mawili makubwa mbavuni, liliwekwa daraja la kuvukia baina ya gurudumu hili na lile, na nahodha akasimama juu yake apate kuona. Magurudumu yale yamekwisha kuondoka, lakini jina la daraja limesalia mpaka leo kwa chumba kile alichokiona kijana wetu.

Katika manowari za Marekani kiti cha nahodha huwekwa upande wa kuume wa daraja. Afisa wa zamu, mshika usukani na wenziwao husimama. Kwa dhahiri, basi, kijana wetu ana haki ya kuuliza. Lakini mwenye kutaka kuhukumu jambo na aitazame sababu yake kabla ya sura yake.

Sababu inayotajwa na mabaharia ni hii. Ziko kanuni za mataifa yote za kuzuia vyombo visigongane baharini, zilizoandikwa mwaka 1972. Kifungu chake cha 15 chasema kwamba vyombo viwili vya mashine vikikatana njia hata ikahofiwa kugongana, kile kinachomwona mwenziwe upande wake wa kuume ndicho kinachopaswa kumpisha. Tazameni maana yake. Atokeaye kushoto kwako, yeye ndiye wa kukupisha. Atokeaye kuume, ni wajibu wako wewe kumpisha yeye. Upande wa kuume, basi, ni upande wa wenye haki. Nahodha amekalishwa pale ili jicho lake liwaangukie kwanza wale wanaomdai, si wale anaowadai yeye.

Na dalili kwamba kiti chafuata wajibu wala hakifuati cheo ni manowari kubwa za kuchukulia ndege. Humo kiti cha nahodha kiko kushoto. Kwa nini? Kwa sababu jengo la daraja limejengwa ukingoni, upande wa kuume wa chombo, na uwanja ambao ndege huruka na kutua, pamoja na vijana wafanyao kazi juu yake, uko kushoto mwa jengo hilo. Nahodha ana cheo kile kile katika jeshi lile lile. Lakini mahali pa hatari pamehama, na kiti nacho kimehama.

Basi twamwambia kijana wetu: mlinzi wa shamba hupanda dunguni, wala hapana amwambiaye kuwa amejikweza, maana amepanda ili awaone ndege na ngedere kabla hawajaingia. Kiburi ni kupanda dunguni kwa kutaka kuonwa. Mlinzi hupanda apate kuona.

Lakini kiti hakimfanyi mtu kuwa mlinzi. Mwaka 2017 yalitokea mambo mawili ambayo yampasa kila mkubwa kuyafikiri.

Usiku wa 17 Juni mwaka huo, kiasi cha saa saba na nusu, manowari ya Kimarekani iitwayo Fitzgerald ilikuwa ikipita karibu na pwani ya Japani. Merikebu ya shehena, ACX Crystal, ilitokea upande wake wa kuume. Kwa kanuni tuliyoitaja, Fitzgerald ndiyo iliyopaswa kupisha, nayo haikupisha mpaka wakati umekwisha kupita. Jeshi la maji la Marekani lilipochunguza lilikuta kwamba waliowekwa kuangalia bahari kwa macho walikuwa upande wa kushoto tu. Kuume hakuwako mtu. Nahodha alikuwa amelala chumbani mwake. Afisa wa zamu hakumwamsha, ijapokuwa amri zilimtaka afanye hivyo vyombo vikaribiapo. Maji yaliingia katika malalo ya chini, na mabaharia 7 wakafa humo. Chumba cha nahodha mwenyewe kilipondwa, akaokolewa na watu wake.

Haikutimia miezi mitatu. Tarehe 21 Agosti, kabla jua halijachomoza, manowari nyingine, John S. McCain, iligongana na merikebu ya mafuta iitwayo Alnic MC karibu na Singapore, wakafa mabaharia 10. Safari hii nahodha hakuwa amelala, alikuwako darajani. Alipomwona mshika usukani amelemewa, aliamuru kazi yake igawanywe kwa watu wawili, mmoja ashike usukani na mwingine ashike mwendo wa mashine. Katika kuhamisha, usukani nao ukahama bila wao kujua. Wakadhani umeharibika, na katika mshangao ule chombo kikapinda kushoto mbele ya merikebu ya watu. Tena maafisa wake walikuwa wamemshauri kwamba watu wa ziada wa kuongoza chombo katika njia nyembamba wawekwe mapema, naye akachagua saa ya nyuma.

Mmoja hakuwako, na mmoja alikuwako. Na wote wawili walivuliwa uongozi mwaka ule ule. Hapa huja suali zito kuliko la kijana wetu: ni uadilifu gani kumlaumu mtu kwa lililotokea naye yu usingizini? Je, mwanadamu asilale?

Wanavyuoni wa fiqhi wametufundisha kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: dhambi na dhamana. Aliyelala haandikiwi dhambi kwa alitendalo usingizini. Lakini akijipindua akavunja chombo cha mwenziwe, yampasa kulipa. Hakukusudia, wala hakujua. Hata hivyo chombo kimevunjika, na mwenyewe ana haki yake. Kadhalika mkubwa. Huenda akawa hana dhambi ya usingizi wake, maana mwili una haki juu yake. Lakini dhamana hailali. Naye ataulizwa juu ya yale aliyoyafanya kabla hajalala: Ulimwacha nani mahali pako? Ulimfundisha nini? Je, alijua kwamba akikuamsha kwa jambo lisilo na maana utamshukuru, au alijua kwamba utamkemea? Mkubwa anayekasirika akiamshwa huwafundisha watu wake kumwacha alale mpaka chombo kizame.

Na yule aliyekuwa macho ataulizwa mengine: Je, watu wako walikijua chombo ulichowaamuru wakiendeshe? Na walipokupa shauri, ulilipima au ulilipita? Kuwako kwa mwili si kuwako kwa akili, na kushika amri si kuacha kushauriana.

Sisi Waislamu tuna mfano wa chombo katika hadithi ya Nuʿman bin Bashir iliyomo katika Bukhari, ya watu waliopiga kura, wengine wakapata sitaha ya juu na wengine chini. Wale wa chini walitaka kutoboa sehemu yao wapate maji, na lau wa juu wangaliwaachia, wangaliangamia wote. Wengi wetu huisoma hadithi hii kwa kuwaonya walio chini. Nasi twasema kwamba ina onyo kwa walio juu pia, maana wao ndio waonao mbali. Katika Fitzgerald, walioko chini hawakutoboa kitu; walikuwa wamelala wakitegemea macho ya walio juu. Tundu lilitoka kwa uzembe wa juu, na maji yakawafikia kwanza wa chini.

Ndugu wasomaji, lugha yetu humwita mkuu wa kikao mwenye kiti. Tumezoea neno hili hata hatulisikii tena. Twagombea viti vya kamati za misikiti, vya madrasa, vya vyama vya maziko, na akipatikana mshindi humpongeza kana kwamba amerithi shamba. Mara ngapi tumemwuliza siku ile: Umekielekeza wapi kiti chako? Je, chawaelekea watoto wa madrasa ambao mwalimu wao hajalipwa, na mjane ambaye mchango wake umo mkobani mwako, au chauelekea mlango, uwaone wageni wakubwa wanapoingia?

Na wala haya si ya kamati peke yake. Baba ana kiti chake nyumbani, na mwalimu ana mkeka wake. Nasi tuandikao maneno haya tuna mahali petu mbele ya wanafunzi, na twajihofia nafsi zetu kabla ya kumhofia mwingine. Kila mmoja na aangalie leo jioni, kabla hajalala, ni nani asimamaye upande wake wa kuume akingojea kupishwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuwaona wenye haki juu yetu, na vifua vya kupokea shauri la walio chini yetu. Wallahu aʿlam.